Mjomba kuoa mpwa wake kwenye sinema za Kitamil: mila ya kweli au wametia chumvi?

MamaRasta_Chang'ombe

Mbukwenyi wanajukwaa,

Naomba mtu anayewajua Wahindi wa kusini aje aniokoe, maana saluni yangu imegawanyika pande mbili tangu Jumamosi na hakuna upande unaokubali kushindwa.

Iko hivi. Nina tivii ukutani, juu ya kioo. Siku zote nilikuwa naweka tamthilia za Kituruki, wateja wanalia na mimi nasuka. Sasa binti wa dada yangu, yuko chuo hapahapa Dodoma, kaniletea flashi imejaa sinema za Kitamil. Akasema mama mdogo, achana na za mjini za magari kuruka, onja za vijijini. Tukaanza na Kadaikutty Singam ya 2018, ya Karthi. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, kwa hiyo yeye ndiye anatusomea kwa Kiswahili huku anachambua rasta.

Kwa ambao hawajaiona: Karthi humo ni mkulima, na hauonei haya ukulima wake hata kidogo. Anashindana mbio za mikokoteni ya ng'ombe, ana mashamba ya kijani mpaka unamwonea wivu ukikumbuka mtama wetu unavyokauka. Ni kitinda mimba, ana dada watano juu yake. Baba yao, Sathyaraj, alimtafuta mtoto wa kiume mpaka akaongeza mke, tena mdogo wa mke wake. Hapo saluni bado kimya. Mambo ya kuongeza mke kwa ajili ya mtoto wa kiume tunayajua, hayamtoi mtu kwenye kiti.

Kasheshe ilianza walipotokea mabinti wawili wanaomgombania. Nikauliza, hawa nao watoto wa nani? Binti ananijibu bila hata kuinua macho: wapwa zake. Watoto wa dada zake wa damu. Na dada wenyewe ndio wanaosukuma gari, kila mmoja anataka mdogo wake amuoe binti yake!

Kuna mama mmoja mtu mzima wa Mvumi, alikuwa na dawa kichwani, muda wa kuosha umeshafika. Namwita sinki, ananiambia ngoja kwanza. Namwambia mama, itakuunguza. "Ngoja!" Akainuka na taulo lake shingoni akaenda kusimama chini kabisa ya tivii. "Yayagwe! Mjomba si ndiye anakula ng'ombe kwenye mahari ya binti? Huyu akimuoa binti mwenyewe, hao ng'ombe atamlipa nani? Atajilipa?" Watu walicheka mpaka bodaboda wa nje wakaja kuchungulia.

Upande wa pili, kinara wao ni binti yangu, wanasema mila za watu tusizihukumu, na kwanza Karthi mwenyewe hao wapwa hawataki, roho yake iko kwa msichana mwingine wa nje ya ukoo. Upande wa mama wa Mvumi wanasema watengeneza sinema wametia chumvi, hakuna jamii ambayo mjomba anamposa mpwa wake mchana kweupe na wazee wapo wanakunywa chai.

Kwa hiyo nauliza: ni kweli ipo? Na kama ipo, dada mtu anafaidika nini? Hicho ndicho kilichonishinda. Mimi nina kaka, nampenda sana, lakini nimpe binti yangu? Thubutu.

Halafu mnitajie na nyingine za kijijini, ila zisizotia aibu, maana wateja wangu wengine wanakuja na watoto.

SimbaWaNkuhungu

Bongo muvi zimewakosea nini dada zetu? Kila siku Waturuki, mara Wakorea, sasa Watamil. Wasanii wetu watakula wapi.

MamaRasta_Chang'ombe

Kaka, Bongo muvi nazo naweka. Jibu swali, au njoo ukae usukwe yebo yebo tukuelimishe.

Mrangi_Asilia

Kwetu Kondoa binamu kwa binamu wanaoana na hakuna anayeshtuka, bibi zetu walikuwa wanalipenda sana hilo. Lakini mpwa hapana. Kurani kwenye Surat An-Nisaa, aya ya 23, imewataja waziwazi watoto wa kaka na watoto wa dada katika wanawake walioharamishwa. Kwa hiyo mimi niko upande wa huyo mama wa Mvumi, japo hoja yake ni ya ng'ombe.

KaraniMstaafu

Na serikali iko upande wake pia. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 14, haimruhusu mtu kuoana na mjomba, shangazi, wala mpwa wake. Binamu haikumgusa. Nimeandika vyeti vya watu miaka mingi, ndoa ya namna hiyo hapa isingepita mezani kwangu.

Mtumba_viaCoimbatore

Mada imenivuta. Nilisoma Coimbatore, Tamil Nadu, sasa niko hapa Mtumba na mafaili. Dada MamaRasta, kaa chini nikupe.

Ni kweli kabisa, hawajatia chumvi. Kwa Watamil wengi wa Kihindu, mjomba kumuoa binti wa dada yake ni ndoa halali, na zamani ilikuwa ya heshima kubwa. Sheria ya India ya ndoa za Wahindu, ya 1955, inakataza ndoa za ndugu wa karibu lakini imeacha mlango: kama mila ya pande zote mbili inaruhusu, ndoa inafungwa. Watu wa kaskazini, Delhi huko, wanaishangaa kama mnavyoishangaa nyinyi. Wahindu wengi wa kule hata binamu hawamgusi.

Ila wana mpaka wao, na ni mkali. Mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni mchumba toka utotoni. Mtoto wa baba mdogo na mtoto wa mama mdogo ni kaka na dada, ukimtamani huyo wanakuona umelaaniwa. Kwa hiyo ukiona kijana kwenye sinema anamchokoza binti kisimani, anamnyang'anya ndoo, na wazee wanatabasamu tu, jua hao ni wa mjomba na shangazi. Sisi tuna utani wa mabinamu na unaishia kwenye utani. Wa kwao unaishia kwenye harusi.

Sasa swali lako la dada anafaidika nini, hilo ndilo lenyewe, na ningependa umwambie yule mama asikie vizuri. Msichana wa kule akiolewa anatoka kwao na dhahabu, familia nyingine zinampa na shamba. Mzigo wote huo unaingia nyumba ya watu. Miaka inapita, naye ana binti. Anachotaka ni binti huyo arudi kwenye nyumba ileile aliyozaliwa yeye. Mama mkwe wa binti atakuwa bibi yake mwenyewe, aliyemshika tangu mchanga, nani atamnyanyasa jikoni? Dhahabu inarudi, shamba halikatwi, na yeye dada anaendelea kuingia kwao bila kupiga hodi mpaka anazeeka. Wale dada wa Karthi mnaowaona wanapiga kelele wanagombania mlango wa kwao. Ukiwatazama kwa jicho hilo, mapenzi ya Karthi na yule msichana wa nje yanakuwa sehemu nyepesi ya sinema. Uzito wote uko kwa dada.

Nilikaribishwa na rafiki yangu wa darasa kijijini kwao, upande wa Pollachi. Sinema nyingi za namna hii zinapigwa huko, ukipita kwenye ile minazi unajiona umeshafika siku nyingi. Ilikuwa Pongal, sikukuu yao ya mavuno ya Januari, na ndani yake kuna siku nzima ya ng'ombe: wanaogeshwa, pembe zinapakwa rangi za bluu na nyekundu, wanavishwa mashada ya maua shingoni. Mgogo yeyote angetokwa na machozi. Sasa katika safari hiyohiyo walikuwa wanamtoboa masikio mtoto wa dada yake. Mtoto hatobolewi hivihivi tu, anakalishwa kwenye mapaja ya mjomba wake. Rafiki yangu, mtu wa uhandisi, mtu wa kompyuta, yuko chini kwenye mkeka kifua wazi, mtoto mapajani. Kinyozi ameshamnyoa mtoto kipara, wamempaka liwa utosini mpaka kichwa chote njano. Sonara akasogea na hereni. Mtoto anapiga mayowe, mjomba jasho linamtiririka, na dada mtu amesimama nyuma. Nilimtazama sana yule dada. Macho yake yalikuwa kwa kaka yake muda wote.

Na kila kitu kilitoka kwa mjomba: masinia ya matunda, nguo mpya, hereni zenyewe. Binti akivunja ungo, ni mjomba tena anakuja na masinia. Kwa hiyo mwambie mama wa Mvumi kwamba mjomba wa Kitamil ameanza kulipa toka mtoto hana meno. Halipi kwa mkupuo, analipa kidogokidogo, na anayepokea ni dada yake.

Nilimuuliza rafiki yangu kama naye atamuoa mpwa. Akacheka sana. Akasema baba yake na mama yake ni mjomba na mpwa, lakini yeye mchumba wake yuko Chennai, wamekutana kazini. Kwa vijana waliosoma mambo yanabadilika.

Nisiipambe sana sinema lakini. Ni masala: nyimbo zimo, Soori wa kuchekesha yumo, ngumi zimo, machozi yamo, na hotuba ya kumsifu mkulima imo, ndefu. Kasoro yake kubwa kwangu ni wale wapwa wawili. Wameandikiwa kununa na kulia. Sinema haina muda wa kukaa nao chini kuwauliza kama wanampenda huyo mjomba kweli, au wanamtaka kwa kuwa wameambiwa hivyo tangu wanatambaa. Hapo mwandishi alikuwa na dhahabu mkononi akaipita.

MamaRasta_Chang'ombe

Mtumba, Mungu akubariki. Nimeisoma kwa sauti, na waliokuwa wamekaa kwenye draya nikawazimia ili wasikie. Kuhusu dada kutaka kurudi kwao, saluni ilitulia kidogo. Mama mmoja alisema yeye tangu kaka yake aoe, akienda kwao anasubiri sebuleni kama mgeni.

Mama wa Mvumi nimempigia simu. Anasema amekuelewa, ila hereni siyo ng'ombe.

NesiMakulu

Samahani nawaharibia utamu. Mila ni mila, ila ndugu wa karibu wakizaa, magonjwa yanayohitaji vinasaba vya baba na mama kwa pamoja yanapata nafasi kubwa zaidi. Selimundu ni mfano, na Tanzania ni kati ya nchi zinazopata watoto wengi wenye selimundu. Hata msioana ndugu, pimeni kabla ya harusi. Nimemaliza, endeleeni na sinema.

SimbaWaNkuhungu

Mnaongelea Karthi tu. Mimi nakumbuka jamaa zangu waliiona moja yake ya zamani, anaitwa Veeran sijui, wakatoka wamenuna siku nzima.

Mtumba_viaCoimbatore

Hiyo ni Paruthiveeran, ya 2007, ndiyo iliyomwingiza Karthi kwenye sinema, na Priyamani alipata nayo tuzo ya taifa ya India ya mwigizaji bora wa kike. Ni kazi kubwa, vumbi lake ni la kweli na watu wake ni wa kweli. Lakini MamaRasta, USIIWEKE SALUNI. Mwisho wake ni wa kikatili mno, binti anafanyiwa unyama. Itazame peke yako usiku, na siyo siku ambayo umechoka.

Za kuweka mchana, anza na Karakattakkaran ya 1989. Ni vikundi viwili vya ngoma, kijana anaongoza kimoja, binti anaongoza kingine, wanacheza na vyungu vilivyopambwa vimesimama kichwani, na mapenzi yanazaliwa humo kwenye ushindani. Mtu aliyekulia kwenye ngoma za Kigogo, aliyewaona mama zetu wanavyoipiga muheme wamebana ngoma mapajani, hahitaji kutafsiriwa chochote. Humo kuna Goundamani na Senthil, wachekeshaji wawili ambao Watamil mpaka leo hawajawasahau. Goundamani anamtuma Senthil ndizi mbili. Senthil anakula moja njiani, anampelekea moja. Anaulizwa, nilikutuma mbili, moja hii hapa, ya pili iko wapi? Anajibu: ya pili ndiyo hiyo. Basi. Wanazunguka hapohapo mpaka mtu anataka kupigwa. Kule Coimbatore ukimwambia mtu neno ndizi tu anacheka. Muziki ni wa Ilaiyaraaja, na mwelekezaji, Gangai Amaran, ni mdogo wake. Hao wamezaliwa kijijini, na zile ngoma na zumari utazisikia zinatoka kwa mtu aliyezisikia kwao kabla hajaenda studio.

Wale waliosikitika kuhusu dada, wape Kizhakku Cheemayile ya 1993, ya Bharathiraja. Hapo ni kaka na dada wanaopendana hasa, halafu mume wa dada na huyo kaka wanakosana, na dada anabaki katikati. Muziki wa A. R. Rahman akiwa bado kijana, baada tu ya kuanza. Andaa tishu.

Bharathiraja huyohuyo ndiye alifungua njia. Zamani kijiji cha Kitamil kwenye sinema kilijengwa ndani ya studio kule Madras, matope ya rangi na mti wa karatasi. Mwaka 1977 akatoa 16 Vayathinile akapeleka kamera kwenye kijiji chenyewe, watu wakaona kuku wa kweli na jua la kweli. Kamal Haasan ni kijana mchechemeaji anayechekwa na kijiji kizima, Rajinikanth ni mhuni wa kijiji, Sridevi ni binti anayetaka kuwa mwalimu. Anakuja bwana mifugo kutoka mjini, nywele zimechanwa, binti anaingia mkenge. Baadaye 1979 ilirudiwa Kihindi, Sridevi huyohuyo, haikufika popote.

Na kama unataka kucheka tu, kuna Mundhanai Mudichu ya 1983. Mwalimu mjane anahamia kijijini na kichanga chake, binti mtukutu anamtaka, na anatumia uongo mzito kumpata. Bhagyaraj ameielekeza na kuigiza mwenyewe. Humo ndimo ulimotoka mzaha mzima wa mlonge na nguvu za kiume. Hapa Dodoma, na milonge yetu kila uani, jiandae kwa maswali.

Mrangi_Asilia

Hiyo ya bwana mifugo nimeipenda kabla sijaiona. Kule kwetu alikuja mmoja wa namna hiyo na pikipiki ya serikali, kesi yake haijaisha. Inaisha vizuri?

Mtumba_viaCoimbatore

Inategemea wewe. Yule mchechemeaji anaishia jela kwa sababu ambayo sitaisema, na binti anakwenda stesheni kumsubiri. Treni zinapita. Sinema inaishia hapo, hawakuonyeshi kama alirudi. MamaRasta, usiiweke jioni, watakaa wanabishana kama alishuka au hakushuka na hutafunga saluni.

MamaRasta_Chang'ombe

Naweka Jumapili baada ya ibada, na nafunga saa kumi na mbili wapende wasipende. Mwenye Karakattakkaran yenye maandishi ya kueleweka aniambie yuko wapi nimfuate na flashi. Simba, kiti chako kipo.